Boti ikikimbia hakuna anayeumwa, ikisimama kituo cha kwanza watu wanatapika. Kwa nini?

#1 Tezi_na_Omo

Wakuu, salaam. Kwenye safari za siku nzima za boti ya kasi, zile za visiwa vitatu vinne na vituo vya kuogelea kwa snorkeli (ule mrija wa kuhemea uso ukiwa majini) katikati, kuna kitu kinajirudia mno. Asubuhi boti inaruka juu ya mawimbi saa nzima na abiria wako sawa, wengine wanacheka kila inapodunda. Inafika kituo cha kwanza, injini inazimwa, dakika kumi haziishi mmoja kainamia ubavuni anatapika, wa pili kajikunja kitini, wa tatu anauliza tunaondoka saa ngapi.

Jibu tunalopewa siku zote ni "hajazoea bahari". Halinitoshi. Bahari ni ileile ya robo saa iliyopita, na kituoni mawimbi huwa madogo zaidi maana pamechaguliwa palipojikinga.

Dai langu: ni moshi wa injini. Nahodha anakaribia kituo polepole, upepo unatoka nyuma, moshi unaingia ndani na abiria wanauvuta dakika kadhaa. Athari inajitokeza boti ikishasimama, lawama inaangukia mawimbi. Anayepinga aje na hoja.

#2 KupwaKujaa

Moshi upo, ila si mkosaji mkuu. Tupige hesabu.

Chukua wimbi la sekunde 5, yaani vilele viwili vinavyofuatana vinapita mahali pamoja kwa tofauti ya sekunde 5. Kwenye maji ya kina, wimbi hilo lina urefu wa karibu mita 39 kutoka kilele hadi kilele na linasafiri karibu mita 7.8 kwa sekunde. Boti inayolikabili kwa kilomita 46 kwa saa inakwenda mita 12.8 kwa sekunde. Jumlisha kasi zote mbili, unapata mita 20.6 kwa sekunde, kwa hiyo unakutana na kilele kila baada ya sekunde 1.9. Zima injini, unarudi kwenye sekunde 5.

Majaribio ya maabara tangu miaka ya 1970, watu wakiwekwa kwenye chumba kinachopanda na kushuka, yalionyesha mwendo unaochafua tumbo kuliko mwingine ni wa karibu mzunguko mmoja kila sekunde 5. Ukiwa wa haraka kuliko sekunde 2 unaumiza zaidi mgongo na makalio, tumbo hauligusi sana. Kwa hiyo boti iliposimama haikukutuliza, ilikuingiza kwenye mdundo mbaya kuliko yote. Na hilo la wimbi kuwa dogo kituoni halibadilishi kitu kwenye muda: likiingia maji mafupi linapungua kasi na vilele vinasogeleana, sekunde zinabaki zilezile.

#3 Kasuku_Kimya

Uzi haujakauka wino tayari kuna desimali. Navuta kiti.

#4 Mshika_Kamba

KupwaKujaa ameeleza nusu. Angalia pia wimbi linakupiga upande gani.

Boti ikikimbia inapanda juu, maji yanayopita chini yanaibeba na kuishika isilale. Ikisimama inashuka, na lile tumbo la umbo la V ambalo ni zuri kwa kupasua mawimbi linakosa cha kulishikilia. Inayumba kulia na kushoto kirahisi kuliko boti ya tumbo bapa. Halafu uzito wa injini uko tezi, yaani nyuma, na omo, yaani mbele, ni jepesi na limesimama juu ya maji, upepo unalisukuma pembeni. Matokeo yake boti inakaa ubavu kwa wimbi. Huko kuyumba kwa ubavu ndiko kunakomaliza watu, hata kama wimbi ni la nusu mita.

Na msidhani nanga inatibu. Ukitia nanga kwa omo, boti inaelekea upepo au mkondo, wowote wenye nguvu. Wimbi la mbali lina tabia ya kujikunja kuzunguka kisiwa na kuingia kutoka upande usioutegemea. Dawa ni kamba ya pili: ifunge kwenye kamba ya nanga au ya boya, ipitishe nje ya boti hadi pembe ya tezi, vuta kidogokidogo mpaka omo likabili wimbi badala ya upepo. Kuyumba kunapungua papo hapo. Ila usifunge boti kwa tezi peke yake, ukingo wa nyuma ni mfupi, wimbi moja tu limeshaingia ndani.

#5 FundiMashine

Mleta mada usikate tamaa, moshi una kesi ya kujibu, isipokuwa umeukamata mahali pasipo pake.

Injini nyingi kubwa za kufunga nyuma ya boti zinatoa moshi kupitia katikati ya propela, chini ya maji. Boti ikiwa kwenye kasi, moshi unabaki nyuma pamoja na povu. Injini ikinguruma bila mzigo, presha ya moshi haitoshi kusukuma maji yaliyo juu ya propela, kwa hiyo unatokea kwenye tundu dogo nyuma ya mguu wa injini, juu ya maji, karibu kabisa na benchi la mwisho. Dakika mbaya ni zile ambazo boti imesimama, nahodha ameacha injini inanguruma, na watu wamejazana nyuma wanavaa mapezi.

Kuna na njia ya pili. Boti yenye turubai juu na kioo mbele, ikienda mwendo wa kati, inaacha nafasi ya hewa pungufu nyuma yake, na moshi unafyonzwa kurudi ndani. Fungua kioo cha mbele au kidirisha cha juu hewa ipite moja kwa moja, unakatika.

Sasa namna ya kutofautisha. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu wala rangi. Unachonusa ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Ikimpata mtu, mara nyingi kichwa kinauma kwanza, halafu kizunguzungu, kichefuchefu ndiyo kinafuata. Kutazama upeo wa bahari hakumsaidii, kuhamia kwenye hewa safi kunamsaidia. Na angalia wameumwa wapi. Wa benchi la nyuma wakiumwa na wa mbele wako sawa, shuku moshi. Wakiumwa bila mpangilio, mpe KupwaKujaa haki yake.

#6 MamaMatumbawe

Nyote mnawazungumzia waliobaki ndani ya boti. Hesabuni vizuri, sehemu kubwa ya wanaotapika wameshaingia majini au wamepanda ngazi sasa hivi. Huko kuna sababu zake.

Anayesnorkeli ameinamisha uso. Anaona mchanga na matumbawe yakienda mbele na nyuma kwa sababu wimbi linamsukuma, nyasi za baharini nazo zinalala upande huu na ule. Macho hayana upeo wa kushika. Ongeza maji ya chumvi aliyomeza, maana anayeanza humeza kila snorkeli inapoingia maji, na chumvi nyingi tumboni inatosha kumtapisha hata mtu aliye nchi kavu. Ongeza mkanda wa miwani ya majini, ile inayofunika macho na pua, uliobana hadi kichwa kinauma. Ongeza kuhema harakaharaka kupitia mrija ule. Ana sababu nne mwilini kabla hamjafika kwenye wimbi lenu.

#7 Zamu_ya_Usiku

Nyongeza kwa #6, hasa kwenye mrija.

Pumzi ya kawaida ya mtu mzima ni karibu mililita 500. Kati ya hizo, karibu 150 hazifiki kwenye mapafu yanakobadilishana hewa, zinaishia kooni na kwenye mirija. Snorkeli inaongeza, tuseme, 160. Ukihema 500, hewa mpya inayofanya kazi ni 190 badala ya 350, zilizobaki ni hewa yako mwenyewe uliyoitoa. Ukihema taratibu na kwa kina, mililita 1,000, unapata 690. Kwa hiyo mwenye hofu anahema fupifupi, kaboni dayoksaidi inapanda, anahisi hewa haimtoshi, anahema fupi zaidi. Inaleta kichwa kuuma na taharuki. Kutapika moja kwa moja, nina shaka.

Sikio nalo msilisahau. Maji baridi yakiingia kwenye mfereji wa sikio yanachokoza kiungo cha ndani ya sikio kinachotunza usawa wa mwili. Yakiingia sawa pande zote mbili, athari zinafutana. Mwenye nta upande mmoja au ngoma ya sikio iliyotoboka, upande mmoja unapoa kuliko mwingine na dunia inazunguka. Mtu wa namna hii ataumwa hata kwenye bwawa lisilo na wimbi, na ndivyo utakavyomtambua. Mwenye ngoma iliyotoboka asiingie kabisa.

#8 KupwaKujaa

Mama Matumbawe, hoja yako ina tundu. Manahodha wengi humwambia mgonjwa ajitupe majini, na wengi hupata nafuu. Kama maji ndiyo chanzo, nafuu inatoka wapi?

#9 MamaMatumbawe

Inatoka kwenye kichwa kuwa juu. Mtu anaelea na jaketi, anatazama kisiwa, mwili unapanda na kushuka pamoja na wimbi bila kuyumba kwa ubavu, na ngozi imepoa. Mwambie huyohuyo aweke uso chini atazame mchanga uone atadumu dakika ngapi. Ushauri wa "jitupe majini" ni sahihi nusu.

Na asijitupe akiwa amevaa miwani na snorkeli mdomoni huku tumbo limeshachafuka. Akitapika majini atoe mrija mdomoni, amalize, asuuze mrija, apumzike akiwa ameshika boya au ngazi. Si mtu wa kuachwa peke yake hata kama anasema yuko sawa.

#10 Tezi_na_Omo

Swali kwa KupwaKujaa. Safari ya kurudi jioni upepo uko nyuma, na kwa hesabu yako boti inakimbizana na wimbi. Mbona wakati huo watu wanalala usingizi?

#11 KupwaKujaa

Toa badala ya kujumlisha: 12.8 kutoa 7.8 ni mita 5 kwa sekunde, wimbi la mita 39, unapata sekunde 7.8. Mdundo ni wa taratibu, bado uko ndani ya eneo baya ingawa umepita kilele chake. Ongeza kwamba boti ikishuka mgongo wa wimbi huwa inapinda kushoto na kulia. Kwa nadharia watu wangeumwa.

Wanalala kwa sababu wamemeza vidonge vya kichefuchefu mchana. Au mwili umeshazoea kiasi baada ya saa saba. Au wote wenye matumbo mepesi wameshayamaliza asubuhi. Chagua.

#12 Kasuku_Kimya

"Chagua." Mwanasayansi amechoka.

#13 Panda_Pwani

Vidonge vinamezwa saa ngapi? Wengine wanasema ukianza kuhisi, wengine usiku uliotangulia.

#14 Zamu_ya_Usiku

Ukianza kuhisi umechelewa. Kichefuchefu kinapunguza kasi ya tumbo kumwaga vilivyomo, kidonge kinakaa humo humo au kinarudi juu. Dimenhidrinati humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, meklizini saa moja kabla. Kiraka cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio kinahitaji angalau saa 4, na kinafanya kazi hadi siku tatu.

Tahadhari mbili zinazosahaulika. Vidonge hivi vinaleta usingizi, na mtu mwenye usingizi peke yake majini ni hatari kuliko anayetapika; vijaribu siku nyingine nyumbani kwanza. Na ukigusa kiraka kisha ukarekebisha miwani, dawa ikiingia jichoni mboni inapanuka na macho hayaoni vizuri kwa saa nyingi. Nawa mikono. Mwenye presha ya jicho (glakoma ya pembe kufunga) au shida ya tezi dume amuulize daktari wake kabla.

Tangawizi? Utafiti umegawanyika. Haidhuru, ila usiitegemee peke yake.

#15 Jua_Kali

Mimi naona mnazunguka sana. Ni joto. Boti ikikimbia kuna upepo, ikisimama upepo umekatika, jua la saa tano kichwani, jaketi la povu kifuani, mtu hajanywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa kubanwa na haja njiani. Huyo atachafukwa hata akiwekwa juu ya meza. Weka kivuli, nywesha watu maji kidogokidogo kila nusu saa, uone idadi itakavyoshuka.

Na mtu akikaa mbele kabisa anapata upepo safi, ndiyo maana waliokaa omoni hawaumwi.

#16 Mshika_Kamba

Jua_Kali, hapo kwenye kukaa mbele usimshauri mtu tena. Omo ndilo linalopanda na kushuka zaidi. Kwenye kasi, boti ikiruka na kutua, aliyeketi mbele anapokea kishindo kikubwa zaidi kuliko wa nyuma. Uti wa mgongo unavunjika kwa kubonyea pale mgongo wa katikati unapokutana na kiuno. Shirika la serikali ya Uingereza linalochunguza ajali za baharini, MAIB, limechapisha ripoti za abiria wa boti za kasi walioumia hivyohivyo wakiwa wameketi tu.

Kukaa salama ni nyuma ya katikati ya boti, karibu na mstari wa kati, miguu yote miwili sakafuni, magoti yamekunjwa, mkono umeshika kitu kisichong'oka. Usikae kwenye ukingo. Mjamzito, mwenye shida ya mgongo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni atafute boti ya mwendo wa polepole, hata nahodha akimwambia bahari leo ni shwari.

#17 FundiMashine

Naunga mkono #16, na hapo ndipo penye ugomvi: nyuma ndiko salama kwa mgongo na nyuma ndiko moshi uliko. Suluhisho si kuhamisha abiria. Ni kuzima injini.

Tena kuzima kabisa, si kuiweka huru. Ikiwa huru propela inaweza kuendelea kuzunguka taratibu, na mtu mmoja akigusa mkono wa gia kwa kiwiko, boti inaingia mbele wakati kuna mtu kwenye ngazi. Utaratibu wangu wa kupima nahodha ni huu: anazima, anatoa ufunguo au anachomoa kamba ya usalama, ndipo anasema "haya, ingieni". Kamba hiyo inaunganisha dereva na swichi ya kuzima, akianguka injini inakufa. Marekani tangu Aprili 2021 sheria inawataka madereva wa boti za chini ya futi 26 kuitumia boti inapokwenda kwa kasi. Ukiiona inaning'inia bila kuvaliwa, uliza.

#18 Panda_Pwani

Nimeelewa. Na miwani kuingia ukungu je? Natoka nje ya mada kidogo, samahani mleta mada.

#19 Kasuku_Kimya

Mada ilishachukuliwa na mkondo tangu #13.

#20 MamaMatumbawe

Miwani mpya ina utando mwembamba wa silikoni kwenye kioo, umebaki kutoka kiwandani. Mate hayautoi. Sugua ndani ya kioo kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli, kwa kidole, dakika kadhaa, suuza, rudia mara tatu au nne. Kama kioo kina utando wa plastiki au kimepakwa kitu maalumu, usisugue.

Siku yenyewe paka mate au tone la shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji, sambaza, suuza mara moja tu kwa haraka. Wengi wanasuuza hadi wanaondoa kila kitu. Chovya uso majini kabla ya kuvaa ili upoe. Ukishavaa usiipandishe kwenye paji la uso, joto la paji na jasho vinakurudisha mwanzo, na wimbi linaichukua. Ishushe shingoni. Na usitolee hewa puani. Ukungu mwingi ni pumzi ya pua.

Inayovuja je? Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa puani, iachie. Ikishika, inakutosha. Ikidondoka, kukaza mkanda hakutasaidia, utakunja tu ukingo wa silikoni na kufungua njia nyingine. Mkanda ukae juu ya masikio, sehemu pana ya kisogo. Kagua nywele zilizonasa kwenye paji. Mwenye sharubu anyoe ukanda mwembamba chini ya pua au apake grisi ya silikoni.

#21 Pezi_Moja

Na hizi miwani za uso mzima, unahemea pua na mdomo? Zinauzwa kama dawa ya kila kitu.

#22 Zamu_ya_Usiku

Hesabu ya #7 ndiyo ileile. Iliyotengenezwa vizuri ina valvu zinazotenganisha njia ya hewa inayoingia na inayotoka. Valvu ikivuja au ukingo wa ndani usipokaa vizuri kwenye pua, chumba chote kinageuka hewa iliyotumika. Pia huwezi kuitema ukitaka kuhema upesi, lazima uvue mkanda. Na usipige nayo mbizi, huwezi kubana pua kusawazisha presha ya masikio.

Kwa yeyote, miwani ya aina yoyote: ukianza kukosa pumzi bila sababu ukiwa umetulia, geuka chali, vua, ita msaada, toka majini. Kuna maji kujaa kwenye mapafu kunakotokea wakati wa kusnorkeli bila mtu kumeza tone, na ripoti ya utafiti wa usalama wa snorkeli ya Hawaii ya mwaka 2021 ilikitaja kama chanzo muhimu cha vifo. Wazee wenye presha wasichukulie "nimechoka tu".

#23 Jua_Kali

Narudi kwenye joto. Mafuta ya jua: paka robo saa au zaidi kabla ya kupanda boti, rudia kila saa mbili na kila ukitoka majini. Sehemu zinazoungua kwa anayesnorkeli ni nyuma ya magoti, vigimbi vya miguu, shingo kwa nyuma na ncha za masikio. Ila bora zaidi vaa fulana ya maji ya mikono mirefu, haioshwi na wimbi.

Na chagua yasiyo na oksibenzoni wala oktinoksati, kemikali za kuzuia jua, yanaua matumbawe. Hawaii imepiga marufuku kuuza hayo tangu Januari 2021, Palau walitangulia 2020.

#24 KupwaKujaa

Marufuku ni kweli. "Yanaua matumbawe" ni kauli nzito kuliko ushahidi. Maabara yameonyesha madhara, ila kiwango kilichomo kwenye bahari wazi ni kidogo mno na wataalamu bado wanabishana. Kinachopausha matumbawe kwa ukubwa ni joto: nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida cha kiangazi, ikidumu wiki nne hivi, yanaanza kutoa mwani unaoishi ndani yake. NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ilitangaza tukio la nne la dunia nzima la kupauka mwezi Aprili 2024.

#25 MamaMatumbawe

Joto huwezi kulizima ukiwa kwenye boti. Pezi unaweza kuliinua. Teke moja la mgeni aliyesimama wima juu ya mwamba linavunja tawi lililochukua miaka kukua. Asiyeweza kulala kifudifudi asogee kwenye mchanga. Fulana ya mikono mirefu inamaliza ubishi wenu wa mafuta.

#26 Pezi_Moja

Kulala kifudifudi na jaketi la povu ni kazi, linakuinua kifua unasimama.

#27 Mshika_Kamba

Ndiyo, hayo ni ya kuvaa boti ikitembea. Majini tumia fulana ya kupuliza kwa mdomo, jaza nusu, ongeza ukichoka. Lakini asiyejua kuogelea abaki na jaketi na ashike boya la duara pamoja na kiongozi, hata kama haoni samaki wengi.

Ukiingia majini kwanza tazama kamba ya nanga na povu: vinaelekea wapi na kwa kasi gani. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde unatosha kumchosha mwenye mapezi, asiye nayo ndiyo basi. Anza kwa kwenda dhidi ya mkondo ukiwa na nguvu, rudi nao. Boti iwe na kamba ndefu yenye boya inayoelea nyuma, anayepitiliza aishike.

#28 Panda_Pwani

Mbona baadhi ya safari zinaruka kisiwa kimoja au kubadilisha mpangilio? Watu wanahisi wameibiwa.

#29 KupwaKujaa

Pengine wameibiwa, pengine maji. Chukua tofauti ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Saa ya kwanza maji yanasogea kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, ya tano 50, ya sita 25. Nusu ya maji yote yanapita katika saa mbili za katikati, na kwenye mlango kati ya visiwa viwili mkondo wa saa hizo hauogeleki. Nahodha mzuri anapanga kituo cha snorkeli kiangukie karibu na maji kujaa, saa moja kabla na moja baada. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inakuwa kubwa zaidi, maji yakipwa boti inashindwa hata kufika ufukweni.

#30 FundiMashine

Au mafuta. Injini ya nguvu za farasi 200 ikibanwa hadi mwisho inakunywa karibu lita 75 kwa saa, ziko mbili. Kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Upepo wa mchana ukiamka na kurudi ni kwa kuukabili, akiba ndiyo inaliwa. Nahodha anayekata kisiwa cha mwisho kwa sababu hiyo mshukuru. Anayekata kwa sababu alichelewa kuondoka asubuhi, huyo mdai.

#31 Jua_Kali

Na bado sijasikia aliyepinga joto.

#32 FundiMashine

Zima injini, weka kivuli, halafu tuone nani atabaki na hoja.

#33 KupwaKujaa

Wimbi litabaki.

#34 Pezi_Moja

Swali dogo. Kupanda ngazi na mapezi miguuni, mbona kila mtu anateleza?

#35 Mshika_Kamba

Kwa sababu hayapandi ngazi. Shika ngazi kwa mkono mmoja kwanza, vua pezi moja, mpe aliye juu, vua la pili, mpe. Miwani na snorkeli vibaki usoni mpaka mguu ukanyage ngazi, wimbi likikupiga unaona na unahema. Subiri tezi ishuke, panda inapoinuka, isikubebe katikati. Usikae chini ya mwenzako anayepanda, akiteleza anakuangukia kichwani. Na usiguse mguu wa injini kujivuta hata kama umezimwa, bapa za propela zina makali.